Mjomba, Subaru yangu inagonga chini kila nikiachia mafuta

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mkazi wa Ligula, Mtwara Mjini. Baada ya malipo ya korosho ya msimu uliopita nilinunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, gia za mkono, kutoka kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuwa nayo Dar es Salaam, akaniletea mwenyewe kwa barabara. Kwa mbio sina la kulalamika. Turbo ikishaamka, Mikindani unaiona halafu unaiona kwenye kioo cha nyuma.

Shida ni mlio. Nikiwa gia ya kwanza au ya pili kwa mwendo mdogo, kwenye msongamano wa bajaji na bodaboda, nikiachia mafuta nasikia "ngo!" chini, kama usawa wa kiti cha nyuma. Nikikanyaga tena, "ngo!" nyingine. Asubuhi nikitoka uani kwa rivasi kisha nikaingiza gia ya kwanza, inagonga mara moja, nzito, mpaka binti yangu anauliza baba tumegonga nini. Lakini nikishaingia lami ya kwenda Lindi, gia ya tano, kimya. Kwenye mashimo na matuta kimya. Nikikata kona kali kuingia kwenye maegesho, gari inakuwa kama inajivuta, lakini mlio ule haupo.

Ulianza baada ya Idi. Tulikwenda Msimbati na familia, nikajisahau nikaingia mchangani, tukazama. Nilihangaika kutoka: rivasi, gia ya kwanza, rivasi, gia ya kwanza, mpaka klachi ikaanza kunuka. Mwisho wakaja vijana na pikapu, wakafunga kamba huko chini nyuma, mimi nikashika usukani, wakanichomoa kwa kushtua mara mbili tatu. Tukashukuru Mungu tukarudi nyumbani.

Nimeshaona mafundi wawili. Wa kwanza aliendesha mpaka mwisho wa mtaa, akarudi akasema giaboksi imekwisha, tuishushe tuifungue, nitafute milioni mbili na nusu. Wa pili anasema ni klachi. Rafiki yangu anayependa magari anacheka, anasema gari za mbio zote ziko hivyo, nizoee.

Nina maswali matatu. Nishushe giaboksi au nisishushe? Pili, nina wasiwasi shemeji aliniuzia gari bovu akijua. Nimwite mbele ya wazee anirudishie sehemu ya hela? Tatu, mama watoto anasema tuuze hii tununue Noah. Nisaidie kabla ya msimu mwingine, maana hela iliyobaki ni ya dawa ya mikorosho.

Mpwa wako, Ligula

*

Marahaba mpwa.

Giaboksi isishushwe. Kwa uliyoyaandika hakuna hata neno moja linaloniambia kwamba imekufa, na yako kama matano yanayoniambia tuangalie kwingine. Ungeniandikia tu "gari linagonga", ningekuwa kama huyo fundi wako wa kwanza, nabahatisha. Lakini umesema lini linagonga na lini haligongi, na hapo ndipo ugonjwa wa chini ya gari unapojulikana.

Kwanza uelewe kwa nini gari la namna hii linagonga hata likiwa zima. Nguvu ikitoka kwenye injini hupita klachi, meno ya giaboksi, difu ya kati (meno yanayogawa nguvu ya mbele na ya nyuma), propela (bomba refu linalopeleka nguvu nyuma), krosi (kiungo cha propela kinachoiruhusu kupinda), difu ya nyuma, shafti mbili za pembeni, ndipo ifike kwenye tairi. Kila meno yanapokutana pameachwa upenyo mdogo, oili ipite na chuma kikipata joto kipate pa kutanukia. Upenyo mmoja ni unywele tu. Ukiujumlisha wote kutoka injini hadi tairi, unapata mchezo unaoweza kuuona kwa macho ukishika propela na kuizungusha. Unapokanyaga mafuta, meno yote yanalalia upande mmoja. Unapoachia, gari ndilo linaanza kuisukuma injini, na yote yanahamia upande wa pili. Kuhama kule ndiko kunakotoa mlio. Gia ya kwanza na ya pili ndizo zinazosikika zaidi, kwa sababu hapo nguvu ya injini inazidishwa mara nyingi kabla haijafika kwenye tairi. Ya tano inazidisha kidogo tu.

Gari la otomatiki lina oili katikati ya injini na giaboksi, inameza mshtuko. La gia za mkono halina. Lina springi chache ndani ya sahani ya klachi, basi. Halafu kompyuta ya injini, ukiachia mafuta kabisa gari likiwa kwenye gia, inakata petroli. Mzunguko ukishuka karibu na sailensa, ule mzunguko wa injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, inairudisha ghafla. Mwendo wa sokoni unakuwa kata, rudisha, kata, rudisha, na kila mara meno yanahama. Kwa hiyo rafiki yako hajadanganya moja kwa moja. Gari lenye klachi ya mashindano isiyo na springi, au flaiwili (sahani ya chuma inayozunguka nyuma ya injini) nyepesi, au lililofungwa bushi ngumu badala ya mipira ya kiwandani, litapiga kelele na bado likawa zima. Lakini lingepiga kelele tangu siku shemeji alipolishusha Mtwara. La kwako lilianza baada ya Idi. Gari halizaliwi mara ya pili pale Msimbati.

Sasa tusome barua yako pamoja. Kwenye mashimo kimya: tuweke pembeni shokapu, linki za stabilaiza na boljointi, maana hizo hugonga barabara inapozirusha, hazijali mguu wako uko wapi. Gia ya tano kimya na husemi kuna mtetemo: senta beringi, ile inayoishika propela katikati, inaelekea ni nzima, kwa sababu ikilegea huwa inatetemesha sakafu mwendo ukipanda. Hakuna "tik-tik-tik" ukikata kona usukani ukiwa umeisha: sivi jointi za nje, vile viungo vya shafti vilivyo karibu na tairi, si za kushuku. Gia zinaingia bila kukwaruza, haziruki, hazivumi, maana ungesema: basi giaboksi haina kosa mpaka aje wa kuthibitisha. Klachi ikiisha hulegea, injini inapanda mzunguko gari halipandi mwendo. Rilizi beringi, ile inayoachanisha klachi, ikifa hulia ukiwa umekanyaga pedeli. Wewe huna hata kimoja.

Kinachobaki ni mlio mmoja mzito, kila nguvu inapogeuka upande, na mbaya zaidi kutoka rivasi kwenda gia ya kwanza. Mwenye tabia hiyo ni kitu kizito kinachotakiwa kushikwa na mpira, na mpira umechanika. Meno yanahama kama kawaida yao, lakini badala ya mshtuko kuishia kwenye mpira, difu nzima au giaboksi nzima inanyanyuka na kugonga chuma cha bodi.

Kwenye gari lako kuna sehemu tatu za kuangalia. Ya kwanza ni mauntingi, vile vishikio vya mpira, za injini pamoja na ile ya chini ya giaboksi. Ya pili ni kifimbo kifupi chenye mpira kila ncha, kiko juu ya giaboksi, kinaishikilia na ukuta ulio nyuma ya injini ili isibinuke. Mafundi wengi hawakioni kwa sababu kimefichwa chini ya intakula, kile kipoza hewa ya turbo. Ya tatu, na hii ndiyo ninayoiwekea dau, ni mipira inayoishika difu ya nyuma. Umesema sauti inatoka usawa wa kiti cha nyuma. Usiamini sana sikio lako hapo, kwa sababu propela ni bomba refu na bomba husafirisha sauti, lakini hilo si ushahidi wangu pekee.

Ushahidi wangu ni kamba. Umeandika vijana walifunga "huko chini nyuma". Wapi, mpwa? Mtu aliyelala mchangani na kamba mkononi, mwenye haraka, hafungi kwenye kulabu. Anafunga kwenye chuma cha kwanza anachokigusa, na nyuma ya Subaru chuma cha kwanza kinachogusika vizuri ni mikono ya tairi na vishikio vya difu. Halafu wakakuchomoa kwa kushtua. Ongeza na kazi uliyoifanya mwenyewe kabla hawajaja, rivasi na ya kwanza na rivasi, tairi linazunguka mchangani bure halafu linapata ukakasi ghafla. Mpira wa gari la zaidi ya miaka 20 hauwezi siku ya namna hiyo. Sijaliona gari lako, lakini ningeanzia hapo kabla ya pengine popote.

Namna ya kuhakikisha sasa, na nakuomba uwepo mwenyewe fundi akifanya.

Kabla hamjaingia shimoni, lile shimo la gereji la kutazamia chini ya gari, pita mtaa usio na watu. Ukiwa gia ya pili mwendo mdogo, achia na ukanyage mafuta mara kadhaa, usikie "ngo" yako. Kisha kanyaga klachi mpaka chini, gari likiwa linatembea lenyewe, pandisha na shusha mzunguko wa injini. Kama mlio umepotea, unajua unatokea nguvu inapopita kuelekea kwenye tairi. Rudia lile la kwanza, ukiwa umeweka simu ya kurekodi sauti mara moja karibu na mkono wa gia, mara ya pili sakafuni nyuma. Ukisikiliza baadaye bila muungurumo wa injini kukuchanganya, utajua ipi ina sauti kali.

Cha pili, boneti wazi, handbreki imevutwa sawasawa, mtu mmoja anaingiza gia ya kwanza na kuachia klachi taratibu mpaka injini inaanza kuvuta, anakanyaga tena. Kisha rivasi, vilevile. Anayetazama asimame ubavuni, kamwe asisimame mbele wala nyuma ya gari. Injini itacheza kidogo, hiyo ni haki yake. Ikibinuka kama inataka kutoka, au ukasikia chuma, mauntingi au kile kifimbo kimekwisha.

Cha tatu ni shimoni. Gari kwenye usawa, tairi zimezuiwa kwa mawe, gia huru, handbreki imevutwa. Fundi ashike propela kwa mkono, aizungushe kushoto na kulia. Itacheza kidogo na kutoa kamlio, hapo asipige kelele "difu imekwisha!", maana hicho ndicho kile kijumla cha upenyo nilichokueleza. Anachotakiwa kukitafuta ni mchezo ndani ya krosi yenyewe: ashike upande huu na upande huu wa krosi, azungushe kinyume. Krosi nzima haina mchezo hata chembe. Atazame pia kama kuna unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, ndiyo dalili ya krosi iliyokauka grisi. Kisha achukue mtaimbo, aupenyeze kati ya difu na chuma kinachoishika, anyanyue taratibu. Mpira mzima unaruhusu kidogo, kimya, na unarudisha. Mpira uliochanika unaiachia difu iruke na utasikia "ngo" ileile, na moyo wako utaitambua.

Wakiwa hukohuko wamulike mikono ya tairi za nyuma. Kama kuna alama ya kamba au mmoja umepinda, tupate na alaimenti baadaye, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja.

Kuna kosa moja la gereji zetu ambalo nataka ulizuie kwa mdomo wako. Subaru yako huendesha tairi zote nne muda wote. Asitokee mtu akanyanyua nyuma peke yake kwa jeki, akaingiza gia "asikilize". Tairi za mbele ziko chini, gari litaruka kwenye jeki. Ama zinyanyuliwe zote nne juu ya stendi imara, ama lisiwashwe kabisa.

Ikionekana ni krosi, hapo kuna habari tofauti. Propela za Subaru nyingi krosi zake hazikufungwa kwa klipu za kutoa na kurudisha. Zimegongewa kiwandani kabisa. Utakutana na fundi hodari atakayesema anaweza kuing'oa kwa nyundo, kuweka nyingine na kupiga welding. Gari la mwendo wako usilifanyie hivyo. Propela iliyochomelewa bila kupimwa balansi itatetemeka mwendo ukipanda, itaua senta beringi, kisha itakurudia wewe. Agiza propela nzima, ya mtumba, kutoka kwa wauza spea Dar, lakini watumie namba ya chesisi na picha, kwa sababu za otomatiki na za gia za mkono si lazima zilingane.

Bushi za difu na mauntingi ni habari nyepesi zaidi. Ukinunua, kuna watakaokuuzia zile ngumu za rangi, za mashindano, wakikuambia hazifi. Kweli zinadumu. Lakini ugumu wake utakuletea ndani ya gari kila sauti ya difu ambayo leo huisikii, halafu mwakani uniandikie barua nyingine. Kwa gari la kupeleka mtoto shule na kwenda Lindi mara moja moja, mpira wa kawaida.

Lile la gari "kujivuta" kwenye kona kali ya maegesho umelipitia haraka kama si kitu. Mimi lilinishtua kuliko ngo yako. Angalia tairi zako nne. Je, ni aina moja, saizi moja, zimelika sawa? Nahisi kuna mbili mpya na mbili za zamani. Difu ya kati ya gari lako, iliyo ndani ya giaboksi, ina oili maalumu nzito inayoshika pale mbele na nyuma zinapozunguka kwa mwendo tofauti. Tairi zikipishana unene, mbele na nyuma hazilingani hata ukienda barabara iliyonyooka, na ile oili inafanya kazi na kuchemka safari nzima hadi inashika moja kwa moja. Subaru wenyewe wanataka mizunguko ya tairi isipishane zaidi ya robo inchi. Pima kwa utepe wa fundi cherehani, uuzungushe tairi lote, dakika kumi tu. Kama tairi ziko sawa na bado linajivuta, difu ya kati inaanza kushika, na hapo ndipo siku moja giaboksi itashuka kwa sababu ya kweli. Ukiacha hivi hivi, huyo fundi wa milioni mbili na nusu atakuja kuwa sahihi bila kujua kwa nini.

Mkiwa shimoni mwageni oili. Kizibo kina sumaku: ukikuta tope laini la kijivu, ni kawaida, ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, niandikie upya. Giaboksi hiyo ya gia tano inachukua kama lita 3.5, difu ya nyuma lita 0.8, na oili iwe 75W-90 ya daraja la GL-5. Sisitiza GL-5. Kuna muuzaji atakayekuambia GL-4 ndiyo ya gia za mkono, na kwa magari mengi yuko sawa, ila kwenye Subaru yako difu ya mbele inaogelea humohumo kwenye oili ya giaboksi, na meno ya difu yanaihitaji hiyo kali.

Na kwa kuwa ulizama pwani: maji ya chumvi na mchanga wa Msimbati viko bado huko chini. Lioshwe chini kwa maji mengi yasiyo na chumvi, siyo kupakwa tu mafuta machafu kama wanavyofanya waosha magari wengine. Mafuta yale yanalainisha mipira na kuila, nawe mipira ndiyo tunayoihangaikia.

Mpaka siku ya shimo unaweza kuliendesha, kwa adabu. Msongamanoni usitembee na gia ya kwanza ukikanyaga na kuachia. Achia gari la mbele litangulie, pata nafasi, tembea kidogo, kanyaga klachi. Mguu wa mafuta uurudishe taratibu badala ya kuuondoa. Ukitoka uani, simama kabisa kutoka rivasi, hesabu moja, ndipo uingize ya kwanza. Usilitumie kushindana na mtu mpaka mipira imefungwa, na hata baada ya hapo barabara ya Mikindani ina watoto wa shule.

Shemeji yako. Mpwa, kwa ushahidi wako mwenyewe gari lilikuwa kimya tangu ulipolipokea hadi ulipokwenda kuzama nalo. Ukimwita mbele ya wazee, swali la kwanza mzee yeyote atakalouliza ni "mlio ulianza lini?", na utajibu nini? Ukoo utabaki na jambo ambalo mipira michache ingelimaliza. Mpigie simu kwa wema, umuulize kama aliwahi kubadilisha klachi, kama aliweka flaiwili nyepesi, kama alifunga bushi ngumu popote, na tairi zile mbili alizinunua lini. Hayo anayajua yeye peke yake na yatamsaidia fundi. La tairi, kama kweli aliliuza likiwa na tairi zisizolingana, unaweza kumwambia achangie. Kwa utani wa shemeji atatoa. Mbele ya wazee hatoi.

Mafundi wako usigombane nao. Rudi kwa yeyote kati yao ambaye ana shimo na mtaimbo, mwambie unataka apime vitu hivi mbele yako na utamlipa kazi ya kupima. Akikataa kulipwa kwa kupima na kusisitiza kushusha, tafuta mwingine.

Kuhusu kuuza, usiuze sasa. Gari linalogonga mnunuzi halisikilizi mara mbili, anakata bei hapohapo. Litengeneze, likae kimya, kisha mkae wewe na mama watoto mpige hesabu ya petroli na bima. Ila kama shughuli yenu ni korosho, kwenye Noah magunia yanaingia na kwenye WRX hayaingii. Hapo sina namna ya kukutetea.

Mjomba wa Gereji